Sanad ya Sauti: Kuielewa Mipangilio ya Kiendeshi Kabla ya Kurekodi Darsa



Ndugu msomaji, darsa husomeshwa mara moja. Sheikh akishafunga kitabu na kuondoka, kinachobaki ni kilichomo vifuani na kilichomo kwenye faili. Faili hilo likitoka na mikwaruzo, au likiwa kimya kitupu, wenzetu waliokosa kuhudhuria hawana cha kusikiliza. Wengi wetu hutumia Audacity, programu ya bure, lakini hubonyeza kitufe chekundu bila kujua sauti inapita wapi. Tulitazame jambo hilo leo.

Katika mustalah tumejifunza kwamba mpokezi mmoja dhaifu huidhoofisha sanad nzima. Sauti nayo ina wapokezi wake: maikrofoni, kadi ya sauti, kiendeshi, kisha programu. Kadi hugeuza umeme wa maikrofoni kuwa namba. Kiendeshi ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na kadi hiyo. Audacity haiendi kwenye kadi moja kwa moja. Hupitia mlango uliowekwa na Windows. Mlango huo unauchagua palipoandikwa Host, ndani ya kitufe cha Audio Setup.

Milango mitatu

1. MME. Huu ndio mkongwe, na kwa kawaida Audacity huanza nao. Hukubaliana na karibu kila kifaa. Upungufu wake ni kwamba huchelewesha sauti zaidi, na majina marefu ya vifaa hukatwa, hata maikrofoni mbili zikaonekana kama moja.

2. Windows DirectSound. Ulikuja baada ya MME na huchelewesha kidogo zaidi ya hapo chini. Mlango wa kwanza ukileta matatizo, jaribu huu.

3. Windows WASAPI. Ulianza na Windows Vista. Faida yake kubwa ni kurekodi kile kinachochezwa na kompyuta yenyewe. Chagua kifaa chenye neno loopback, na darsa ya mtandaoni itaingia bila kupitia maikrofoni. Feni na kelele za chumbani hazitasikika. Lakini kila mlio wa kompyuta utaingia pia, kwa hiyo zima arifa zote kwanza.

Namba za kuangalia

Kiwango cha sampuli ni idadi ya mara ambazo sauti hupimwa kwa sekunde. CD hutumia 44100, video kwa kawaida 48000. Kwa hotuba, 44100 inatosha. Muhimu ni namba ya Audacity ilingane na ile iliyowekwa kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, hasa ukitumia WASAPI.

Pima pia nafasi ya diski. Kwa biti 32, saa moja ya mkondo mmoja huchukua takriban MB 635. Mikondo miwili, mara mbili yake. Sauti ya mtu mmoja haihitaji mikondo miwili.

Bafa ni akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuandikwa. Kwa kawaida imewekwa milisekunde 100. Kompyuta ikiwa dhaifu na sauti inakatikakatika, iongeze. Kuchelewa kutaongezeka, lakini kwenye darsa hakudhuru, kwa sababu hakuna anayeimba juu ya sauti nyingine.

Mwisho ni ukubwa wa sauti. Vilele vibaki kati ya -12 na -6 dB. Vikigonga 0 hukatwa, na sauti iliyokatwa hivyo hairudi kama ilivyokuwa.

Kabla ya Sheikh kuanza

Mwombe idhini ya kurekodi. Maneno yake ni amana. Chomeka maikrofoni ya USB, kisha ubonyeze Rescan Audio Devices, kwani Audacity iliyokwisha kufunguliwa huenda isiione. Hakiki jina la kifaa. Rekodi sekunde 30 na uzisikilize kwa hedifoni. Mstari unaocheza kwenye skrini hautoshi: huenda ni maikrofoni ya laptopu inayosikia kutoka mbali.

Zoezi: rekodi aya moja ya kitabu unachosoma kwa kila mlango kati ya hiyo mitatu, ulinganishe. Ukisikia tofauti, utajua ni mpokezi gani wa kumwamini kwenye kompyuta yako.

Wabillahi tawfiq.