Nisubiri Kwenye Ndizi: Somo Dogo la Kuujua Mji wa Bandari

Ukizaliwa Tukuyu hupotei kirahisi. Mlima Rungwe upo pale pale, na hata ukungu ukiufunika unajua umejificha upande gani. Kumwelekeza mtu ni maneno mawili tu: panda, maana yake elekea Uyole, teremka, maana yake elekea Kyela. Nilipokuja Dar es Salaam kusoma nikakuta tambarare isiyo na juu wala chini. Nikafanya kama wengi wenu mliotoka mikoani, nikakariri majina ya vituo.

Kukariri huko kumenigharimu. Mwaka jana mama alikuja kliniki ya macho. Nikamwambia kwenye simu, "Shuka Ubungo, mama, toka geti kubwa, utanikuta." Nilijua fika kwamba tangu Februari 2021 mabasi ya mikoani yanaishia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Mimi mwenyewe nilishukia hapo! Lakini kwetu neno "Ubungo" bado lina maana ya mwisho wa safari, na mdomo ukatangulia akili. Alfajiri nikaenda Mbezi. Mama naye, mtu wa kushika maneno, alishuka Mbezi, akauliza Ubungo iko wapi, akapanda daladala. Tukapishana njiani. Simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Kuna somo hapa, na nimelisoma kwa kuchelewa. Mji wa bandari haukaririwi, unaanzia majini. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha miaka ya 1860 kwa sababu ya ile ghuba yenye maji matulivu, na Wajerumani wakahamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Simama Kivukoni, kwenye panton za Kigamboni, utaona kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu, na mbele kidogo kanisa la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yameuangalia mlango wa meli tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo ndipo sifuri ya rula. Ukiingia ndani hatua chache tu unakutana na Sanamu ya Askari ya mwaka 1927.

Sasa pima kutoka hapo. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, stesheni yake ikawekwa karibu kabisa na bandari. TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia miaka ya 1970, ikasogezwa mbali, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na Mandela. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, imerudi katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani. Na hizi reli hazifanani hata upana: milimita 1,000, milimita 1,067 na milimita 1,435. Behewa la njia moja haliwezi kutembea kwenye nyingine. Kwa hiyo ukimwambia mgeni wako wa Mbeya "tukutane stesheni", umeshampoteza. Treni yake inaishia TAZARA.

Ukitaka uti wa mgongo wa mji, fuata Barabara ya Mandela. Inatoka bandarini, inapita TAZARA, Buguruni, inafika Ubungo. Malori ya Malawi yanayopita Tukuyu kwenda Kasumulu, yale tuliyoyapungia mikono utotoni, mengi yamepakia bandarini hapo.

Majina nayo msiyaamini sana. Kariakoo ni jina la wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa Vita ya Kwanza. Leo hakuna mpagazi wa jeshi pale, kuna vitenge na chaja za simu. Jina hung'ang'ania hata kitu kikiondoka. (Si kila mara, lakini. Tukuyu yetu Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na sijui bibi yupi wa Rungwe angeweza kulitamka hilo.)

Mama hakusoma kibao hata kimoja. Alisimama Ubungo mpaka jua likawaka, halafu akaona lori la mikungu iliyofunikwa majani, na vijana juu yake wakibishana kwa Kinyakyusa. Akawasalimia. Wakamwambia panda, mama. Wakamfikisha Mabibo, soko linaloitwa Mahakama ya Ndizi, na mfanyabiashara mmoja akampa simu. Nilimkuta amekaa kwenye kreti, anakunywa chai, anawaeleza watu bei ya mkungu kule kwetu na jinsi wanavyopunjwa.

Kliniki tulifika saa saba. Uandikishaji ulikuwa umefungwa. Tukapewa tarehe nyingine, wiki sita mbele, na nauli ya pili ikatoka kwenye hela yangu ya hosteli.

Safari ya pili nilijiandaa. Nikampigia mapema nimweleze habari ya Mbezi, ngazi za kituo, mlango wa kutokea. Akanikatiza.

"Usihangaike, mwanangu. Nisubiri kwenye ndizi."