Chakula Kikikwama Kooni, Usingoje



Mwaka jana mzee mmoja aliletwa kwenye zahanati yetu kwa baiskeli. Hata maji yalikuwa hayapiti kooni. Nilimwuliza, "Mzee, shida hii ilianza lini?" Akajibu, "Mwanangu, wakati wa kupanda ugali ulianza kukwama. Nikaacha ugali, nikanywa uji. Sasa hata uji haupiti." Alikuwa amengoja mpaka wakati wa kuvuna. Tulimpeleka hospitali ya mkoa. Huko alionekana ana saratani ya umio, nayo ilikuwa imekwisha kuenea.

Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Njia hii ikiumwa au ikiziba, kumeza huwa taabu. Sababu ni nyingi:

1. Mafindofindo. Koo huvimba na kuuma, na homa hupanda. Mgonjwa apimwe, apewe dawa. Mtoto asikatwe kimeo. Kukata kimeo hakuponyi. Huweza kuleta pepopunda na kutoka damu nyingi.

2. Utando mweupe mdomoni na kooni. Huu ni ugonjwa wa fangasi, nao una dawa. Mtu mzima akiupata, apimwe pia virusi vya UKIMWI.

3. Mwiba wa samaki au mfupa. Usiusukume kwa tonge la ugali. Tonge laweza kuuzamisha zaidi. Nenda zahanati.

4. Betri ndogo ya saa. Mtoto akiimeza, mkimbize hospitali. Huweza kuunguza umio kwa muda wa saa 2 tu.

5. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Aliyeinywa asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja.

6. Saratani. Pombe, tumbaku na vinywaji vya moto sana huongeza hatari. Acha chai ipoe kidogo ndipo unywe.

Hospitalini daktari hutazama ndani ya umio kwa mpira mwembamba wenye taa. Saratani ikionekana mapema, yaweza kutibiwa. Ikichelewa, mara nyingi kinachowezekana ni kumsaidia mgonjwa apate kula na kumpunguzia maumivu.

Kumbuka: ugali ukikwama mara kwa mara, usihamie kwenye uji. Nenda zahanati wiki hiyo hiyo.

Maswali
1. Kwa nini tusisukume mwiba kwa tonge la ugali?
2. Yule mzee alipaswa kwenda zahanati lini?
3. Je, nyumbani kwako yupo anayekula uji tu? Mwulize kwa nini.