Mwaka 2090 haumfichi shangazi yako

Mwanangu wa Lwiro,

Barua yako nimeisoma, na sura uliyoiambatisha nimeisoma pia, nikaiweka chini nikaenda kuchemsha chai. Riwaya yako inatokea mwaka 2090. Lile jengo la kituo cha utafiti hapo Lwiro, Kivu, walilotuachia Wabelgiji limegeuzwa ghala la serikali, wanawake wanapelekwa humo kufutwa kumbukumbu, na anayekutwa bado anakumbuka anafungwa. Wazo hilo linatisha, na ni zuri. Kisha jioni moja ukawasomea wanawake wa nyumbani sura ya nne, shangazi yako akainuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Hajalizungumzia tena. Tangu hapo kalamu imekugomea, na unaniuliza kama umemwibia.

Unajitetea kwamba hawezi kuwa amejitambua, maana umebadilisha jina, umebadilisha mwaka, hata nchi umeinyima jina. Ee, mwanangu! Mwanamke wa sura ya nne analima kwa mkono wa kushoto, anafunga pesa kwenye pindo la kitenge, na hawezi kupata usingizi mlango ukiwa umefungwa. Lwiro yote inamjua huyo. Nadhani hata mbuzi wake wanamjua.

Kuchukua yaliyotokea kweli si kosa. Margaret Atwood, alipoandika The Handmaid's Tale iliyotoka mwaka 1985, alijiwekea sharti: asitie humo jambo ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. Lakini angalia alichokiokota: sheria, adhabu, desturi za watawala. Ukichukua ukatili wa serikali, hakuna atakayekuja mlangoni kukudai. Mkono wa kushoto una mwenyewe, naye anakula nawe bugali.

Usiniambie kwamba ukimficha utaupunguza ukweli. Hapo jirani, Kavumu, mwaka 2017, mahakama ya kijeshi ilisikiliza kesi ya watoto wa kike waliokuwa wakiibwa usiku majumbani mwao tangu 2013. Mashahidi walifichwa, sauti zao zikabadilishwa. Ushahidi haukulegea kwa sababu hiyo: tarehe 13 Desemba wanaume 11 walihukumiwa kifungo cha maisha. Kama majaji waliweza kuamini sauti isiyo na uso, msomaji wa riwaya hatashindwa.

Sasa niseme lile ambalo huenda hutalipenda. Unaandika kwamba ukifupisha, katika sura ya nne, usiku wa tukio lililompata shangazi yako, utakuwa umewasaliti wanawake. Hapana. Msome Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda aliyepoteza jamaa wengi mno katika mauaji ya 1994. Kwanza aliandika kumbukumbu za familia yake, akawataja wafu wake. Alipofika kwenye riwaya, Notre-Dame du Nil ya mwaka 2012, aliwaweka wasichana katika shule ya mlimani miaka ya sabini, wakipendana, wakisengenyana, chuki ikikua katikati yao, na akaishia huko nyuma kabisa ya 1994. Msomaji anatetemeka kwa sababu anajua kinachokuja.

Wewe umetoa kurasa sita kwa usiku ule na nusu ukurasa kwa kesho yake. Mimi naitaka kesho yake. Nani aliwasha moto? Nani alikwenda soko la Mudaka akajifanya hajasikia kitu? Nani alicheka wa kwanza, baada ya siku ngapi, na wenzake walimtazamaje? Wanawake wako wa 2090 wanalia tangu ukurasa wa kwanza. Hakuna anayepunguziwa bei, hakuna anayepika pombe ya kasiksi, hakuna mwenye mdomo mchafu. Wanawake wa Kivu gani hao?

Na shangazi: nani kakuambia amekasirika? Mtu huinuka kwa hasira, kwa aibu, kwa machozi, au kwa kuwa hataki wengine wamtazame wakati anasikiliza. Hujui, wala mimi sijui. Nenda kwake mkiwa wawili tu, uache daftari nyumbani. Usimwulize yaliyompata, hayo ni yake. Mwulize kuhusu ile sura: ibaki, ibadilike, au itoke? Anaweza kukwambia uichome. Anaweza kukwambia umeisimulia vibaya na kukaa kukusahihisha hadi usiku. Hakupewa nafasi ya kuchagua yaliyomkuta, basi hili alichague yeye, na jibu lolote atakalotoa ulifuate bila kunung'unika, hata kama sura ya nne ndiyo bora kuliko zote.

Ukiona usiku wake umevurugika, au wako, maana unasema nawe hulali, msiiachie riwaya kazi ya kuuponya. Panzi, hospitali ya Daktari Mukwege hapo Bukavu, wapo wanasaikolojia wanaoifahamu vizuri. Mpeleke akikubali. Ukimsindikiza, kaa nje.

Jambo moja usiliguse hata mhariri akikubembeleza: yule sokwe yatima uliyemtoa katika hifadhi ya Lwiro ukamfanya waziri wa habari. Nilicheka mpaka chai ikapoa, na kusema kweli, anahutubia vizuri kuliko wengine niliowahi kuwasikia.