Risasi Moja kwa Wanyama Wote?

Ukitoka Sake kupanda Masisi, macho yanafika mbali: vilima vya majani, ng'ombe, nyua za miti, ukungu unaochelewa kuondoka. Endelea magharibi hadi barabara ianze kuteremkia Walikale, na baada ya muda kilima cha pili hukioni tena. Msitu umekumeza. Mtu aliye hatua thelathini mbele yako unamsikia tu. Aliyetaka bunduki moja ya kumtosha pande zote mbili alikuwa na swali gumu, na popote wanapokutana watu waliowahi kushika bunduki bado wanalibishania: ni risasi ipi inayofaa kwa kila mnyama mkubwa?

Sheria kwanza, tuimalize. Kongo ina sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ya uhifadhi wa mazingira ya mwaka 2014, na wanyama wenye sifa kubwa kuliko wote katika misitu hii, okapi na ngagi wa nyanda za chini, wanalindwa kabisa. Hakuna risasi halali kwao, iwe nene au nyembamba. Ila swali lenyewe ni la fizikia, na fizikia haiombi kibali. Tena anayeielewa hadanganywi na majigambo ya bunduki.

Tuanzie kwenye imani moja iliyozoeleka: kwamba risasi kubwa humwangusha mnyama kwa kumsukuma. Tupige hesabu. Chukua risasi maarufu kuliko zote za uwindaji Afrika Mashariki, ile ya .375 ya inchi ambayo kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912. Kichwa chake kina gramu 19.4 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa mwendo, kwa kilo na mita, unapata karibu 15. Zao hilo wanafizikia wanaliita momenta, na halipotei: risasi ikizama mwilini na kusimama, momenta yote inabaki kwa mnyama. Nyati wa msituni ni mdogo kuliko wa mbugani. Tuseme ana kilo 300. Gawa 15 kwa 300. Nyati huyo anasukumwa kwa mwendo wa sentimita tano kwa sekunde. Kobe angempita.

Na isingewezekana vinginevyo. Bunduki inayomrusha nyati ingemrusha mpigaji pia, maana kinachokwenda mbele kina mwenzake anayerudi nyuma. Newton aliliandika hilo mwaka 1687, lakini mtu yeyote aliyesukuma mtumbwi kwa kuruka kwenda ufukoni analijua bila Newton.

Nishati ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo tena. Kwa risasi yetu inafika jouli 5,800 hivi, zinazotosha kuinua gunia la viazi la kilo mia moja mpaka urefu wa karibu mita sita. Nishati nyingi kiasi hicho, na bado nyati anasogea kama kobe? Ndiyo, kwa sababu nishati haitumiki kumsogeza. Inatumika kupasua nyama, kuvunja mfupa, kuipinda risasi yenyewe na kuzalisha joto. Mnyama hufa kwa sababu risasi imefungua njia ndani ya kitu asichoweza kuishi bila hicho: ubongo, uti wa mgongo, moyo, mapafu. Ikipita pembeni, jouli zote hizo zimeishia kwenye tumbo na majani ya nyuma.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: risasi itafika ndani kiasi gani? Nyati akisimama ubavu, njia ya kwenda mapafuni ni fupi. Akisimama kimshazari, risasi inapita kwenye bega, misuli na mifupa kabla ya kugusa kitu cha maana. Tembo amewekewa ubongo wake nyuma ya mfupa mnene wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki.

Chukua msumari na chukua kigingi cha kufungia ng'ombe. Vipige vyote viwili kwenye shina la mgomba kwa nyundo ileile na nguvu ileile. Msumari unazama, kigingi kinasitasita, kwa sababu kinalazimika kusukuma nyama nyingi zaidi ya mgomba ili kipate njia. Ndivyo ilivyo kwa risasi: uzito unaisukuma, upana unaizuia. Basi tugawe uzito wa kichwa cha risasi kwa eneo la uso wake, tuone kila milimita ya mraba imebebewa uzito gani mgongoni.

Ile ya .375 inatoa miligramu 270 hivi. Ipo risasi ya Kijerumani ya milimita 9.3 aliyoibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, akiwalenga walowezi na wawindaji wa makoloni ya Afrika waliotaka nguvu ndani ya bunduki ya kawaida ya Mauser isiyo ghali. Hiyo nayo ni 270. Halafu ipo ya Mauser ya milimita 7, nyembamba, iliyozaliwa kwa ajili ya askari katika miaka ya 1890, yenye kichwa kirefu cha gramu 11.2. Nayo? Ni 270 vilevile.

Namba hiyo ya mwisho inafumbua kisa kilichowashangaza watu kwa miaka mia moja. Mskoti W. D. M. Bell, aliyepachikwa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, wakiwemo wa Karamoja na wa Lado, ukingoni mwa Nili, ardhi iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold mpaka alipofariki mwaka 1909. Wengi wao aliwaua kwa ile ya milimita 7. Leo tunaisoma hesabu hiyo kwa uchungu, na haki yake ni uchungu. Lakini fizikia yake ni safi. Momenta ya risasi yake ilikuwa nusu tu ya ile ya .375, ila ilikuwa msumari: ndefu, nyembamba, iliyovikwa chuma kigumu isipasuke. Na Bell alikuwa amekata fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi. Wenzake walinunua bunduki kubwa zaidi. Yeye alisoma anatomia.

Sasa pima silaha nyingine mbili kwa mizani hiyohiyo. Bunduki ya kalibre 12, na zile pupu zinazofuliwa na mafundi wetu kwa kuiga, zimepata jina kutokana na kipimo cha zamani: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa katika tufe kumi na mbili, tufe moja linajaza mtutu wake. Kila tufe ni karibu gramu 38, upana milimita 18.5. Ni zito mara mbili ya kichwa cha .375! Lakini gawa kwa eneo lake: miligramu 140. Ni kigingi cha ng'ombe, si msumari. Na marisawa madogo madogo yana hali mbaya zaidi, maana tufe likipungua upana kwa nusu, uzito wake unapungua mara nane na uso wake mara nne tu.

Kwa nini basi mafundi wasitengeneze vichwa virefu? Kwa sababu kitu kirefu kikirushwa bila kuzungushwa kinapinduka hewani. Ndiyo maana mtutu wa bunduki ya risasi moja umechongwa mitaro ya mzunguko ndani, ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Mtutu laini hauwezi hilo, na tufe halijali, kwa kuwa halina mbele wala nyuma.

Silaha ya pili ni ile inayozagaa kuliko zote katika vilima hivi, Kalashnikov. Masasi yake ya milimita 7.62 yana kichwa cha gramu nane, jouli elfu mbili, na kwenye mizani yetu miligramu 160. Ni kifupi. Tena kimevikwa koti zima la chuma kama yalivyo masasi ya vita kwa kawaida. Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazochanua mwilini zisitumiwe kati ya majeshi. Kwa mwindaji mambo yamegeuka. Kwa mnyama wa kadiri, swala au nguruwe wa msituni, anataka risasi inayochanua kama uyoga, ifungue njia pana na kifo kiwe cha haraka. Ile ya Kalashnikov husafiri sentimita 25 hivi ikiwa imenyooka ndiyo ianze kuyumba. Kwa mnyama mdogo imeshatokea upande wa pili, imeacha tundu jembamba, na mnyama anakimbia akafie mbali. Kwa mnyama mkubwa ni fupi mno kufika inapotakiwa, na upungufu huo majangili huufidia kwa kumimina masasi.

Umbali unabadilisha nini? Kidogo kuliko unavyodhani, ukiwa Walikale. Risasi huanguka kama jiwe tangu inapotoka mtutuni. Kwa mita 30 za msituni, ile ya .375 iko hewani sehemu nne za sekunde kwa mia, na inaanguka milimita nane. Hazina maana. Kwa mita 200, kutoka kilima hadi kilima cha Masisi, inaanguka karibu sentimita 40, na hapo mwendo wa kasi una thamani yake. Msituni kasi ya ziada ni hasara tupu: risasi laini ikigonga mfupa kwa karibu mno, kwa kasi mno, inasambaratika. Na msiamini habari ya risasi nzito inayokata vichaka. Kila risasi ikigusa kijiti inapotoka. Nzito na ndefu inapotoka kidogo, basi.

Ukinilazimisha kuchagua moja, nitataja ya milimita 9.3 kwa msitu, na .375 kwa anayevuka mipaka, kwani Tanzania haimruhusu mtu kumwinda nyati kwa kilicho chini ya .375. Tofauti yao nyamani ni ndogo kuliko kelele zake.

Tofauti kubwa iko begani. Ile momenta ya 15, ukiongeza ya gesi za baruti zinazotoka kwa kasi zaidi, inafika kama 20. Bunduki ya kilo nne inarudi nyuma kwa mita tano kwa sekunde, kama iliyoangushwa begani kutoka urefu wa mita moja na robo. Teke hilo mwili unalikumbuka. Mara ya tatu au ya nne jicho linafumba kabla kidole hakijavuta, mtutu unainama kidogo, na kwa mita 30 kidogo hicho ndicho kinachohamisha tundu kutoka mapafuni hadi tumboni. Nyati aliyepigwa tumboni haanguki. Anaingia kwenye majani, na Walikale mvua ya alasiri inaosha damu kabla hujafika mto wa kwanza.