Istilahi za Magonjwa ya Ateri: Hoja ya Kutaja Tabaka

1.0 Utangulizi

Fungu la maneno "kukakamaa kwa mishipa ya damu" laweza kubeba hali kadhaa ambazo chini ya hadubini hazifanani. Makala haya yanadai kwamba istilahi ya tishu haina budi kutaja mambo mawili: tabaka lililoathirika na kitu kilichomo.

2.0 Yanayoonekana

Ukuta wa ateri una matabaka matatu: la ndani, la kati lenye misuli, na la nje. Baina ya la ndani na la kati pana utando nyumbufu.

(a) Katika atherosklerosisi, istilahi ya Marchand (1904), mafuta hujikusanya katika tabaka la ndani. Istilahi hiyo imeundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya uji na ugumu.

(b) Katika hali aliyoieleza Mönckeberg (1903), chokaa hukaa katika tabaka la kati, na kwa kawaida tundu la ateri halizibi.

(c) Katika ateritisi ya seli kubwa, ambayo huwapata watu waliopita miaka 50, limfosaiti na makrofeji huvamia ukuta. Mara nyingi seli kubwa zenye viini vingi huonekana karibu na utando nyumbufu, nao hukatikakatika.

3.0 Tatizo

Utando huo hukatika pia kwa uzee, na tabaka la ndani hunenepa bila mchochota wowote. Hivyo, kukatika kwa utando pekee hakutoshi kuupa ugonjwa jina. Kinachopambanua ni seli za mchochota au, ugonjwa ukishapoa, kovu katika tabaka la kati. Neno "uvimbe" nalo halifai, kwani hutumika hata kwa jipu na saratani.

Suala hili si la kamusi tu. Ateritisi isiyotibiwa yaweza kumpofusha mgonjwa. Na steroidi apewazo mzee asiyeugua zaweza kumdhoofisha mifupa bure.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza: "mafuta ya tabaka la ndani" kwa (a), "chokaa ya tabaka la kati" kwa (b), "mchochota wa ateri wa seli kubwa" kwa (c), na "badiliko la uzee" pale ambapo utando umekatika bila seli za mchochota wala kovu. Marchand alitaja alichokiona; nasi tufanye vivyo hivyo.