Barua inayojibu "Hapana"



Wengi wanazani kama sayansi inafanyika tu Ulaya ao Kinshasa, fasi kwenye kuko mashini kubwa. Lakini ukitaka kujua namna watu wa sayansi wanatumika kweli katika chuo kikuu kilicho mbali, usisome kitabu chao peke yake. Angalia barua zao. Kitabu kinaonyesha jibu. Barua inaonyesha kazi: feza kidogo, kungojea posta, na watu wote waliosaidia.

Tuchukue mfano wa Kampala. Denis Burkitt, mkristo wa Kiprotestanti, alikuwa munganga wa kupasua kwenye lopitali ya Mulago, fasi wanafunzi wa unganga wa Makerere wanajifunza. Mwaka 1957 aliona mtoto aliyevimba mataya pande zote. Kisha akaona mwingine. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, kansa ya watoto. Lakini alibaki na ulizo moja: unapatikana wapi?

Hakuna mashini iliyoweza kumjibu. Basi alichapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa posta kwenye mamia ya lopitali za serikali na za misioni katika Afrika: je, mumeona ugonjwa huu? Kila jibu likifika, alitia alama kwenye ramani iliyo ukutani. Mwaka 1961 yeye na wanganga wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa motokari wiki 10, kilomita karibu 16,000, kwenda kuhakikisha.

Sasa angalieni vizuri. Kama kila lopitali ingejibu "ndiyo" kwa kumpendeza mkubwa wa Kampala, ramani ingejaa alama bila mpaka. Waliojibu "hapana, hapa hatuuoni" njo walichora mpaka. Ilionekana kama karibu na ikweta ugonjwa unakosekana juu ya metre 1,500 hivi, kwenye baridi. Fasi za joto na mvua njo ulikuwa mwingi. Hiyo ilifungua njia ya kufikiri juu ya malaria. Tena vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege toka Kampala mpaka Uingereza viliwawezesha Epstein, Achong na Barr kutangaza virusi mpya mwaka 1964.

Hapa Kisangani, chuo kikuu chetu kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963. Mwaka 1964 vita vilikikimbiza mpaka Léopoldville, njo Kinshasa ya leo. Kilirudi, na tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kisangani. Sisi wa mwaka wa sita, wamoja watasoma pale, wengine watakuwa wanganga ao walimu katika vijiji. Siku moja mtu atatuandikia kuuliza jambo. Tutajibu namna gani?

Tunajizoeza sasa. Katika labo, rangi ikikataa kugeuka, wengi kati yetu wanakopia jibu la jirani. Hiyo ni barua ya uongo. Kwenye ibada ya asubuhi tunaomba tuwe watu wa kweli. Kaye ya kemia nayo ni fasi ya kusema kweli. Andika: "haikugeuka". Tia tarehe na kipimo. Na walimu wetu, tunawaomba kwa heshima, wasipunguze pointi juu ya "hapana" ya kweli.

Maswali ya kujipima
1. Sababu gani jibu "hapana" lilikuwa na faida kwa Burkitt?
2. Andika barua ya mistari mitano kwa lopitali ao mkulima, uulize jambo moja ambalo mtu anaweza kulijibu "ndiyo" ao "hapana" bila haya.