Baraza la Madiwani si Swali la Mtihani Tu

Jamani, nani kati yetu ameshaingia kwenye kikao cha Baraza la Madiwani? Tuchukue Manispaa ya Kigoma-Ujiji, yenye kata 19. Kwa Sheria Na. 8 ya 1982, baraza hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Meya anaongoza, Mkurugenzi ni katibu, hana kura. Diwani ndiye anayepiga kura juu ya ushuru anaolipa muuza dagaa wa Kibirizi. Mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Mwaka 2016 manispaa hii iliingia mpango wa kimataifa wa serikali za uwazi; mwaka 2017 Tanzania ikajitoa. Haki ya kusikiliza ilibaki, maana imo kwenye sheria yetu wenyewe. Sisi walimu watarajiwa wa Uraia, tutaifundishaje bila kuitumia?